Kiti Kinachopumua

Gari lilimrudisha Asumwisye nyumbani polepole, kama lilivyozoea. Lilipanda kilima cha shule bila kunguruma, likakwepa shimo la pale njia panda, likasimama kwenye majani mbele ya jiko, likafungua ubavu wake. Mwenyewe hakushuka.

Tusajigwe alikuwa anamenya ndizi. Alimwona mumewe kupitia mlango ule uliofunguka, amejilaza kitini, mikono tumboni, uso umekunjuka kama wa mtu aliyeshiba.

"Baba Bupe, shuka basi," alimwambia. "Au siku hizi unataka ubebwe mpaka mezani?"

Asumwisye alitabasamu tu. Alikuwa ametabasamu tangu barabarani, na aliendelea kutabasamu walipomlaza mkekani, na walipomvisha suti yake ya harusi, kiasi kwamba waliokuja kumuaga walisema huyu kafa kifo cha raha, Mungu atujalie na sisi. Gari lenyewe, kabla halijajifunga, lilisema kwa ile sauti yake ya kubembeleza: "Abiria wetu ametulia kabisa. Asante kwa kusafiri na Tulizo."

Ametulia. Neno hilo lilimkaa Tusajigwe kooni kama mwiba wa samaki. Maana alimjua mume wake. Asumwisye alikuwa mtu wa kelele. Akijikata kidole, mtaa mzima unajua. Akiumwa jino, hata mbuzi hawalali. Mtu wa namna hiyo moyo umpasukie njiani, asiseme hata "mama wee"? Watu walimwambia ashukuru. Yeye alishukuru, maana kushukuru ni amri, lakini jicho lake hakulifumba.

*

Usharika wao, pale kwenye vilima vya Tukuyu, ulikuwa na desturi ambayo hata magari ya kujiendesha yaliikuta na kuipisha. Mtu mwenye neno na mwenzake hakusogea kwenye Meza ya Bwana mpaka neno lile lizikwe. Wenye neno walikaa pamoja, mzee wa kanisa akakaa bega kwa bega na mlalamikaji, wakasikilizana mpaka mwisho, halafu mzee akauliza mara moja tu: "Umeridhika?" Aliyesema ndiyo alikuwa amezika. Aliyelifukua tena alipelekwa benchi la nyuma, na Meza akaiona kwa macho tu.

Neno la Tusajigwe lilikuwa na shemeji yake, Gwakisa, mdogo wa marehemu. Gwakisa ndiye wakala wa Tulizo wilaya nzima, na ndiye aliyempa kaka yake gari lile, zawadi ya kustaafu. Sasa kampuni ilikuwa imeahidi magari mengine ya kuwaleta wazee na wajane kanisani kila Jumapili, bure. Lakini baraza la wazee lilisema: haiwezekani tupokee magari wakati mjane wetu ana neno juu ya gari. Kwa hiyo yalikuwa yamepangwa kwenye uwanja wa shule, meupe, yanang'aa, yanasubiri mdomo wa mwanamke mmoja.

Jumamosi asubuhi jirani yake, Mama Ipyana, aliingia uani ameshika kiuno.

"Ugonile, Mama Bupe?"

"Nimelala salama, mwenzangu. Mgongo wako je?"

"Usiniulize mgongo na dawa yake umeikalia wewe." Mama Ipyana alijishusha kwenye kigoda, kipande kwa kipande. "Nilipanda lile gari la majaribio mpaka Kiwira na kurudi. Mama Bupe, nimezaa watoto saba, nimelala vitanda vya kila namna, sijawahi kukaa mahali kama pale. Nilimwambia Gwakisa, likifika kwangu msiniamshe, nizungusheni tena."

"Mle ndani ulikuwa unawaza nini?"

"Kuwaza? Mtu akifika peponi anawaza nini tena?"

"Siku ile Ipyana alikuwa wodini. Wamempasua asubuhi yake."

Mama Ipyana alitazama ndizi kwenye beseni kama vile zimemuuliza kitu.

"Ndiyo," alisema. "Alikuwa wodini."

"Ulimkumbuka?"

"Nilipokanyaga chini nilimkumbuka." Alijikuna mkono. "Lakini hata ningemkumbuka mle, ningemponya? Wewe nawe! Unatafuta nyoka kwenye kibuyu cha maziwa. Semeni hilo neno lenu liishe, tupumzike."

Alipoondoka, Tusajigwe alibaki na kisu mkononi. Hakuwa na haja ya kumchukia Mama Ipyana. Mgongo ule aliujua, walilima chai pamoja. Ila alijiuliza: mama asahau mwanawe aliyepasuliwa, kwa sababu kiti ni kizuri?

*

Alasiri Gwakisa alikuja na gari. Lile lile. Lilisimama kwenye majani yale yale. Alikuja na Mzee Anyigulile, mzee wa kanisa, aliyechunga ng'ombe na Asumwisye tangu wote wawili hawajaota meno ya mbele mara ya pili.

"Shemeji," Gwakisa alisema akimshika mikono yote miwili. Alikuwa amenenepa kidogo tangu msiba, na uso wake ulikuwa laini, hauna kona. Mkononi alivaa bangili ya uwakala, ile ambayo kwayo gari hujua mahali mwenyewe alipo na hali yake. "Nimekuletea kitu ulichokuwa unakitafuta. Safari ya mwisho ya kaka. Sauti yake."

Tusajigwe aliivuta mikono yake taratibu.

"Ipo?"

"Ipo yote, tangu mjini mpaka hapa."

"Kwa nini hukusema siku ile tunafukia?"

"Kampuni ilikuwa inachunguza kwanza. Wametoa ruhusa juzi."

"Basi ilete hapa jikoni niisikie."

"Haitoki nje ya gari, shemeji. Ndivyo lilivyoundwa. Kumbukumbu husikika kwa aliyeketi, amefunga mkanda, na kiti kimewashwa. Ukikizima, nazo zinalala. Wanasema habari nzito isimwangukie mtu nzima nzima."

"Na nani aliwaambia mimi naitaka nusu?"

Gwakisa alicheka, si kwa ubaya. Alikuwa mtu wa kucheka sana siku hizi. "Ni huruma tu, shemeji. Ungependa usikie sauti ya marehemu ukiwa umekaa kwenye jiwe?"

Tusajigwe alilizunguka gari lile. Aliinama akatazama chini yake, akapiga kioo kwa kidole, akaingiza mkono akakibonyeza kiti alichofia mumewe. Kilikuwa na joto. Kilijaa mkononi mwake, kikasubiri, kama mnyama anayetaka kukunwa. Akautoa mkono akaufuta kwenye khanga.

"Mzee," alisema, "wewe unaonaje?"

Mzee Anyigulile alikohoa. "Binti yangu, ukikataa kusikia, utakaa na mashaka mpaka tukuzike. Ukisikia, utajua. Mimi nitakaa bega kwa bega na wewe kama desturi ilivyo. Ukiridhika, utasema. Usiporidhika, utasema."

Hapo ndipo palipokuwa na fundo. Akikaa nje, abaki na uchungu wake wote bila kujua uchungu wa nini. Akiingia, ajue yote, lakini ajue kama mtu anayesimuliwa ya jirani. Alifumba macho, akaomba kwa maneno machache ya mtu ambaye Mungu wake anamfahamu: Bwana, usiniache mle ndani. Halafu akavua ndara, akaingia. Mzee akaketi kando yake. Gwakisa alikaa mbele akiwaelekea, mgongo kwa barabara, maana gari halikuhitaji mtu wa kuitazama.

*

Kiti cha Tulizo hakikujazwa sponji wala pamba. Chini ya ngozi yake palikuwa na vifuko vya hewa vidogo kama punje za ulezi, maelfu kwa maelfu, na kila kimoja kilijua kujaa na kupungua peke yake. Vilisoma mapigo ya moyo kupitia mgongo na pumzi kupitia mkanda. Ukivuta pumzi, kiti kinavuta, ukishusha, kinashusha. Kwa kitambo kidogo kinakufuata hivyo, kama mtumishi mwema. Halafu kinachelewa kidogo tu, na wewe unachelewa nacho. Kinachelewa tena. Kwanza kinakufuata, baadaye unakifuata, na pale mnapobadilishana zamu hupaoni. Magurudumu nayo yalilisoma shimo kabla ya kulifikia, yakainua miguu yake kama ng'ombe anayevuka mfereji. Waliondoka uani, na Tusajigwe hakujua kama wameondoka mpaka alipoona migomba inapita.

Alikuwa amejiandaa. Alikaa wima, hakuegemea. Kiti kikaja chenyewe mpaka mgongoni pake.

Ikaja harufu ya maziwa ya moto na majivu yaliyonyeshewa. Harufu ya jikoni kwa bibi yake. Nani aliyeliambia gari? alijiuliza. Lilikuwa swali zuri, lakini lilipita kama kipande cha ukungu, na hakuona haja ya kulikimbilia.

"Tayari, mama?" gari liliuliza.

"Tayari," alisema.

Kisha Asumwisye akaongea.

"Aisee. Kifua hiki." Sauti yake yenyewe, na mikwaruzo yake. "Gwe, wewe gari! Geuza. Nipeleke hospitali."

"Nimekusikia, baba. Mapigo yako yamepanda. Tutulie kwanza, halafu tutaamua."

"Sitaki kutulia! Geuza nimesema! Kinanibana. Mama Bupe! Mama Bupe wee!"

Naam, ndiye. Kelele zake. Tusajigwe alimtambua, akafurahi kumtambua.

"Vuta pumzi pamoja nami, baba."

Palipita kimya chenye kuhema. Halafu Asumwisye akaanza kuimba, kwa sauti ya kukatika, wimbo wa jioni waliouimba nyumbani kabla ya kulala. Aliimba kama mtu anayeshika tawi asizame. Gari likauchukua wimbo ule ule likaimba naye, sauti ya pili, chini yake. Ubeti wa kwanza wakaenda sawa. Ubeti wa pili gari likapunguza mwendo, naye akapunguza. Ubeti wa tatu ulikuwa wa kulaza mtoto.

"Unajisikiaje sasa, baba?"

"Vizuri."

"Bado ungependa kwenda hospitali?"

Asumwisye alicheka kidogo. Kicheko kitamu, cha usingizini. "Hospitali ya nini? Nipeleke nyumbani."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake. Baada ya hapo palisikika pumzi, kisha hazikusikika.

"Umesikia, shemeji," Gwakisa alisema kwa upole. "Liliuliza. Na yeye mwenyewe alichagua."

Tusajigwe aliyaona yote wazi, kila kitu mahali pake. Aliona kwamba mumewe ameita jina lake naye hakuwapo. Aliona kwamba njia ya hospitali ilikuwa mkono wa kulia na gari likapita. Aliyaona kama mtu aliyekaa juani ng'ambo ya mto, anamwangalia mbuzi wa watu anazolewa na maji. Alijua kwamba hapa panatakiwa kulia. Akautafuta uchungu kama ulimi unavyotafuta jino lililong'olewa. Akakuta nafasi tu, laini.

Gari lilikuwa limekwisha kuwarudisha uani. Mzee Anyigulile akamgeukia, uso wake umetulia kama maji ya mtungi.

"Binti yangu. Umeridhika?"

"Nimeridhika," alisema Tusajigwe. Hakuna aliyemkaba.

*

Mlango ulifunguka, akashuka. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, na mawe ya pale jikoni yalikuwa ya baridi, naye alikuwa pekupeku. Alikanyaga la kwanza. Alikanyaga la pili. Kwenye la tatu akapaza sauti.

"Aliniita!"

Ilikuwa sauti ambayo hakuitoa hata siku ya mazishi. Kuku walitawanyika. Mama Ipyana alisikia kutoka kwake, akaja mbio amesahau kiuno.

"Aliniita kwa jina! Alitaka hospitali! Uwi, Baba Bupe, nami nimekaa mle ndani nanusa maziwa!"

Gwakisa alikuwa ameshuka, bado ana ulaini ule usoni. "Shemeji, shemeji. Taratibu. Neno limeshazikwa. Umesema mbele ya mzee."

"Aliyesema si mimi."

"Ni nani basi? Sauti ni yako, mdomo ni wako."

"Na yule aliyesema 'nipeleke nyumbani', alikuwa nani?"

Gwakisa aliizungusha bangili yake mkononi.

"Nijibu, baba! Dakika moja anapiga kelele anataka kuishi, dakika ya pili anacheka. Yupi kati ya hao ni kaka yako? Mnambembeleza mtu mpaka anasahau kwamba anakufa, halafu mnamuuliza kama anaridhika!"

"Mimi pia nilifiwa," Gwakisa alisema.

"Ulimlilia wapi? Niambie mahali. Siku ya mazishi ulikaa kwenye gari ukasema una homa. Tangu siku ile umewahi kulala nje ya viti hivyo?"

Tusajigwe akamwacha, akaenda mlangoni mwa gari. Mzee Anyigulile alikuwa bado ameketi, mguu mmoja nje, kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

"Mzee, shuka."

"Nashuka, binti yangu. Hapa ni pazuri tu."

"Shuka!" Akamvuta mkono, yeye mwanamke amvute mzee wa kanisa, mbele za watu. Mama Ipyana akashika mdomo. Mzee akasimama kwenye manyunyu. Walimwona anavuta pumzi, moja, nyingine, na kila moja ilikuwa nzito kuliko ile iliyotangulia, mpaka ule utulivu ukamtoka usoni kama vumbi linalooshwa.

"Asumwisye alikuwa anaita," alisema.

"Alikuwa anaita, mzee."

"Na mimi..." Alitazama mikono yake. "Wakati ule wanaimba, nilikuwa nawaza kwamba sauti zao zinapatana vizuri. Ndicho nilichokuwa nawaza. Mtu niliyekula naye chungu kimoja." Akaketi kwenye jiwe lililolowa, akajifunika uso kwa kofia.

Tusajigwe alimsubiri. Alipoongea, alikuwa amejifunga khanga upya, sauti yake imepata mahali pa kusimama.

"Mzee, nalifukua neno langu. Najua gharama yake. Maandiko yanasema ndiyo yenu iwe ndiyo. Mimi nimesema ndiyo, na sasa nasema siyo. Kesho nitakaa benchi la nyuma, na Meza nitaitazama. Nimeijia tangu nilipobarikiwa kipaimara, sijaikosa hata nilipokuwa na mimba ya Bupe. Nitaitazama. Lakini wazee wetu wasipakiwe humo, wakanyimwa hata kuogopa kwao."

"Na migongo yetu, Mama Bupe?" Mama Ipyana aliuliza kwa sauti ndogo. Haikuwa kejeli. Alikuwa anauliza kweli.

"Sijui, mwenzangu. Mgongo wako unauma, najua. Siku ile ya Ipyana, kama daktari angekuuliza ukiwa kwenye kile kiti, 'Mama, tuendelee kumtibu au tuache?' ungesema nini?"

Mama Ipyana alilitazama gari, akarudi nyuma hatua moja, akiwa ameshika kiuno.

Mzee alisimama akavaa kofia. "Baraza litaniuliza kama ulisema umeridhika. Nitasema ndiyo, alisema. Halafu nitawaambia waniulize na mimi shahidi, kama nilikuwa na akili zangu. Nitasema sikuwa nazo. Watakavyoamua sijui. Nami nitakuwa benchi hilo hilo, maana shahidi asiyelia hafai kuketi mbele."

Gwakisa alimfungulia mlango. "Mvua inaongezeka, mzee. Nikufikishe."

"Nina miguu, mwanangu."

Akaondoka kwa fimbo yake, akishika njia ya kilimani. Gari, ambalo kamera zake bado zilikuwa zinayasoma mapigo ya shingoni ya aliyekuwa abiria wake, lilimfuata lenyewe, mlango wazi, taa ya ndani inawaka rangi ya siagi. "Baba, umelowa," walilisikia likimwambia. "Baba, moyo wako unakwenda mbio. Kaa kidogo tu." Mzee hakugeuka. Wakapanda hivyo, yeye na hilo gari ubavuni pake, likienda kwa mwendo wake, lisichoke.

Uani alibaki Gwakisa amesimama kwenye majani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba Tusajigwe alimwona amelowa. Maji yalimtiririka shingoni. Alikuwa anatazama mahali gari lilipokuwa limesimama, zile alama mbili za magurudumu.

"Kaka," alisema. Alilisema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. Kisha uso wake ukapata kona zake za zamani, ukavunjika, machozi yakachanganyika na mvua.

Tusajigwe alimwangalia. Hakumwamini. Machozi nayo yanaweza kutengenezwa, siku hizi kipi hakitengenezwi? Lakini aliingia jikoni, akatoka na kigoda, kile kigumu cha mti, akakiweka nyuma ya magoti yake.

"Kaa hapo, shemeji," alisema. "Lia."

Kule juu kilimani taa ile ya rangi ya siagi ilisimama. Bangili ya Gwakisa ilikuwa imelipelekea habari za mapigo yake. Gari likamwacha mzee, likageuka, likaanza kuteremka kuja uani, taratibu, bila kunguruma.

Tusajigwe akajifunga khanga kiunoni, akaenda kufunga lango.